Ramani za 1:50,000 kwa mlima usio na njia: nyota nne, na kasoro moja ya kujua kabla hujapanda

Kwa anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, karatasi ya ramani ya namna hii haina kazi. Njia imekanyagwa, vibao vipo, wapagazi wametangulia. Tathmini hii ni ya wale wanaotaka milima ambayo hakuna aliyechonga njia ya kufika kileleni, ile ambayo unaingia porini kwa njia za ng'ombe, kisha njia za ng'ombe zinaisha na mlima bado uko juu yako. Gelai, pembeni mwa Ziwa Natron, ni mfano mzuri: mita 2,942, volkano iliyozimika, makorongo kila upande, msitu kichwani. Kitumbeine, jirani yake, ni wa aina hiyohiyo.

Kwa safari kama hiyo kifaa cha kwanza kununua si GPS wala buti. Ni karatasi ya ramani ya topografia, yaani inayoonyesha umbo la ardhi, ya 1:50,000, mfululizo wa Y742 kwa Tanzania (Kenya wana Y731). Tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja tumeikata kwa sababu ya kasoro moja kubwa na nyingine ndogondogo, na hiyo kubwa ina uwezo wa kukushusha kwenye korongo lisilo lako.

Unachopata

Karatasi moja inafunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo. Ardhini ni mraba wa karibu kilomita 28 kila upande, na mezani ni kama sentimita 55 kwa 55. Sentimita 2 ni kilomita moja, milimita 2 ni mita 100. Hesabu hiyo ikikaa kichwani, nusu ya kazi ya kupanga imekwisha.

Namba za karatasi zinasumbua wageni bila sababu. Eneo la nusu digrii kwa nusu digrii lina namba yake, kisha limegawanywa vipande vinne: /1 ni kaskazini-magharibi, /2 kaskazini-mashariki, /3 kusini-magharibi, /4 kusini-mashariki. Arusha mjini ni 55/3, kilele cha Kilimanjaro kimo kwenye 56/2. Ukienda kununua, iwe kwa Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi au kwa Survey of Kenya kule Ruaraka, Nairobi, nenda na namba ya karatasi, siyo jina la mlima. Majina ya milima yameandikwa kwa namna tatu nne tofauti (Kitumbeine ni Ketumbeine pia, na Oldoinyo, yaani "mlima" kwa Kimaasai, huandikwa kila mtu anavyosikia), lakini namba ni moja.

Hapo pana gharama ambayo watu hawaitarajii. Milima haijali mipaka ya karatasi. Gelai ni mpana, na mstari wa 2°45' kusini, ambao ni ukingo wa karatasi, unaupita. Kwa hiyo unanunua mbili. Ukianzia upande wa ziwa unahitaji ya tatu, kwa sababu longitudo 36 nayo ni ukingo. Usijaribu kubana matumizi kwa kuchukua tu ile yenye kilele. Ukipotea wakati wa kushuka, utapotea kuelekea chini, na huko chini ndiko kwenye karatasi uliyoiacha dukani.

Mara nyingi utapewa kopi badala ya chapa halisi. Si mbaya, ila ipime kabla hujalipa. Chukua rula, pima miraba kumi ya gridi, kila mmoja ukiwa kilomita moja: lazima iwe sentimita 20 kamili. Ikiwa 19.6, ramani yako sasa ni kama 1:51,000 na kila umbali utakaopima utakuwa pungufu kwa asilimia mbili. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kopi iliyovutwa upande mmoja tu, jambo ambalo mashine za kopi hulifanya karatasi inapoteleza kwenye roli. Pima wima na mlalo. Vikitofautiana kwa milimita mbili au zaidi, kila pembe utakayoisoma kwa protrakta itakuwa na kosa. Na kopi iwe ya rangi. Kwenye nyeusi na nyeupe, mstari wa bluu wa kijito na mstari wa kahawia wa kontua (unaounganisha mahali penye kimo kimoja) vinakuwa kitu kimoja, na hapo ndipo watu hudhani korongo ni mgongo wa mlima.

Kuhusu laminesheni: steshenari watakushawishi, kataa. Huwezi kuchora kwa penseli juu ya plastiki, wala huwezi kuikunja vizuri. Mfuko mzito wa plastiki unaofungwa kwa zipu unatosha, ramani ikiwa imekunjwa upande unaohitajika ndio unaoonekana.

Kusoma mteremko kabla ya kuuona

Hapa ndipo karatasi inapolipa. Kwanza angalia pembeni pa ramani kontua zimeachana kwa kiasi gani. Karatasi za zamani zina futi 50, za mfumo wa mita zina 20. Ni kosa la kawaida kuchukua futi kwa mita, na kwa Gelai ni tofauti kati ya 2,942 na 9,652, kwa hiyo ukisoma namba za kileleni utajua mara moja uko kwenye mfumo gani. Shida inakuja kwenye karatasi mbili za jirani ambazo moja ni ya futi na nyingine ya mita: kontua hazitaungana pale ukingoni. Usizilazimishe.

Kila kontua ya tano ni nene. Kwa karatasi ya mita, kutoka nene moja hadi nyingine ni mita 100 za kupanda. Pima nafasi kati yake kwa rula. Zikiachana milimita 4, mteremko ni kama nyuzi 27: mtu mwenye mzigo anapanda, anahema, anafika. Milimita 3 ni kama nyuzi 34, na hapo kwenye majani yaliyokauka juu ya mawe yaliyolegea utaanza kutumia mikono. Milimita 2 ni nyuzi 45. Hiyo si njia ya mpagazi. Kwa karatasi ya futi, kutoka nene hadi nene ni futi 250, sawa na mita 76, hivyo milimita 3 zinakupa nyuzi 27 na milimita 1.5 tu ndizo nyuzi 45. Chora penseli nyekundu kila mahali penye nyuzi zaidi ya 35, kisha tafuta mgongo ambao wekundu huo haujaufunga. Kazi hiyo inachukua jioni moja mezani na inaokoa siku nzima mlimani.

Kumbuka ramani inanyamazia nini. Kati ya kontua mbili za mita 20, ukuta wa mwamba wa mita 15 unaweza kujificha wote usionekane. Kwenye volkano za zamani kuta hizo zipo nyingi, kwa sababu lava ngumu na majivu laini vimelaliana kwa tabaka, na maji yamekula laini yakaacha ngumu ikining'inia. Hutokea zaidi ndani ya makorongo kuliko juu ya migongo. Ndiyo maana ushauri wa kwanza wa mlima wa namna hii ni kupanda kwa mgongo, hata kama korongo linaonekana fupi zaidi. Kwenye ramani, kontua inayochora V yenye ncha kuelekea bondeni ni mgongo. Yenye ncha kuelekea kileleni ni korongo.

Kuna jambo jingine la umbo la volkano ambalo ramani inalionyesha wazi na wengi hawalioni. Migongo imetoka kileleni kama mbavu za mwavuli. Unapopanda, migongo inakutana, kwa hiyo hata ukikosea mgongo mmoja, mlima unakurudisha kileleni. Unapokuja kushuka ni kinyume: kila mgongo unagawanyika mara mbili, kisha tena, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Kosa la mita 50 juu ni kosa la kilomita 3 chini, na katikati yake kuna korongo ambalo huwezi kulikata. Kwa hiyo wakati wa kupanga, mahali pa kutia alama si penye mandhari, ni kila mahali ambapo mgongo wako unapokea mgongo mwingine. Andika kimo cha mahali hapo na pembe ya kushukia. Alama nane au kumi zinatosha mlima mzima.

Kasoro kubwa: mita 300

Ramani hizi zimejengwa juu ya datamu (msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake) ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu yako na GPS yoyote inayotoka kiwandani leo inatumia datamu nyingine, WGS84. Mahali palepale ardhini panapata namba mbili tofauti kwenye mifumo hiyo miwili. Kaskazini mwa Tanzania tofauti ni takriban mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na chini ya mita 100 kwa mashariki na magharibi.

Maana yake ni hii: ukisoma namba za mahali kutoka kwenye gridi ya karatasi ukaziingiza kwenye GPS bila kubadili chochote, kifaa kitakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya mahali ulipopakusudia, na kidogo magharibi. Uwandani mita 300 si kitu. Kwenye migongo ya Gelai, ambako kutoka mgongo hadi mgongo ni milimita chache za ramani, mita 300 ni mgongo wa jirani. Tena kosa hili halipigi kelele: namba zinaonekana sahihi, mshale wa GPS unaelekeza kwa uhakika, na kila kitu kinakubaliana isipokuwa ardhi.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye GPS ya mkononi, ingia kwenye mipangilio ya namna ya kuonyesha mahali, chagua UTM (namba za mahali kwa mita, dunia ikiwa imegawanywa kwa kanda), kisha kwenye orodha ya datamu chagua Arc 1960. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, unapoipa ramani uliyoiskani uratibu wake, tumia msimbo EPSG:21037 kwa kanda ya 37 kusini au EPSG:21036 kwa kanda ya 36, na uiache programu yenyewe ibadilishe kwenda WGS84. Programu nyingi za simu hazina sehemu ya kubadili datamu kabisa. Kwa hizo, badilisha namba nyumbani kwa QGIS, usijaribu kuongeza na kutoa kichwani ukiwa mlimani.

Kisha hakiki. Ukiwa chini, simama mahali panapotambulika kwenye ramani bila shaka, kama makutano ya barabara ambayo hayajahama au nguzo ya upimaji iliyotiwa alama ya pembetatu. Linganisha namba za kifaa na za karatasi. Zikiachana kwa karibu 300 kwenye namba ya kaskazini, datamu haijabadilishwa. Zikiachana kwa makumi machache, uko salama.

Gelai una mtego wa pili juu ya huo. Longitudo 36 ni mpaka wa kanda za UTM. Ol Doinyo Lengai, volkano ya jirani, uko magharibi ya mstari huo, kanda ya 36, na namba zake za mashariki ni za laki nane na kitu. Gelai uko mashariki yake, kanda ya 37, na namba zake zinaanzia kama 166,000. Anayepanga safari ya milima yote miwili na kuandika namba bila kuandika kanda atapata alama zilizo mbali na Natron kwa mamia ya kilomita. Hilo angalau utaligundua. Andika kanda mbele ya kila namba hata hivyo, mfano 37S.

Mambo ambayo karatasi imezeeka nayo

Nyingi ya ramani hizi zilitokana na picha za angani, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na Directorate of Overseas Surveys ya Uingereza pamoja na idara za upimaji za hapa. Migongo na makorongo hayajahama tangu hapo, na kwa hayo karatasi inaaminika. Ila msitu ulipokuwa mnene, mpiga kontua aliona vichwa vya miti, siyo ardhi, kwa hiyo kileleni pa Gelai penye msitu kontua zichukue kwa tahadhari.

Barabara usiziamini. Mistari ya njia za magari ya karatasi ya zamani mingi imefutika, na ya leo haimo. Vijiji vimehama au vimekua. Nyufa zilizofunguka upande wa kusini wa Gelai wakati wa matetemeko ya Julai 2007, wiki chache kabla Lengai haujalipuka Septemba, haziko kwenye karatasi iliyochapwa kabla ya hapo. Maji ndiyo ya kuogopa zaidi. Mstari wa bluu uliokatikakatika ni mto wa msimu, na wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ambao ndio wakati wenyewe wa kupanda, uchukulie kuwa ni mchanga mtupu. Hata wa mstari mzima uulizie kwa wafugaji, maana wao ndio wanaojua kisima kipi kina maji wiki hii.

Mstari mmoja wa zamani ambao usiupuuze ni mpaka wa msitu wa hifadhi. Ukiuvuka unahitaji kibali, na ofisi ya kijiji ni mahali pa kuanzia: mwenyekiti atakueleza utaratibu na atakutafutia kijana anayechunga upande huo. Mwongozaji wa namna hiyo haondoi haja ya ramani. Anajua mlima hadi mahali mifugo inapofika, na juu ya hapo mara nyingi nyote wawili ni wageni. Chini ya hapo usibishane naye.

Dhidi ya simu

Swali la kawaida: kwa nini usipakue tu ramani ya bure? Ramani za kontua za intaneti, kama OpenTopoMap, kwa eneo hili zimetolewa kwenye vipimo vya rada vya chombo cha anga cha Endeavour vya Februari 2000, vinavyojulikana kama SRTM. Hupima kimo kwa nukta zilizoachana kama mita 30 kwa zile nzuri, mita 90 kwa zile za mwanzo. Matokeo yake ni kwamba mgongo mwembamba unalainishwa na korongo jembamba linajazwa. Msituni rada nayo inasoma vichwa vya miti. Mlima unatokea mpole kuliko ulivyo, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote kwa anayepanga, afadhali ramani inayotisha kuliko inayobembeleza.

Picha za setilaiti ni habari nyingine, na hizo tunazipenda. Zinaonyesha njia za mifugo, maboma, ukingo halisi wa msitu, maporomoko mapya. Namna nzuri ni kuchora mgongo wako kwenye karatasi, kuufuata kwa picha za setilaiti, na kuhamisha kwenye karatasi kila njia ya ng'ombe utakayoiona, kwa penseli. Ukipata njia ya ng'ombe inayofika juu ya kimo cha mita 2,000 umebahatika, kwa sababu saa tatu za kupambana na miiba na mawe yaliyofichwa na nyasi zimeondoka. Panga nalo si suluhisho: ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukata, na nje yake linakula nguvu kuliko njia linayofungua.

Kwa hiyo simu iwemo, yenye ramani uliyoiskani ndani yake, hali ya ndege ikiwa imewashwa na pawa benki mfukoni. Karatasi inabaki kuwa kubwa kuliko kioo kwa mbali, na uamuzi wa mgongo gani wa kushukia unahitaji kuona migongo mitano kwa pamoja.

Vya kuandamana nayo

Dira inahitaji neno moja la onyo ambalo wauzaji wa mtandaoni hawalisemi. Sindano ya dira husawazishwa kiwandani kwa ukanda fulani wa dunia, kwa sababu sumaku ya dunia huivuta pia kwenda chini au juu. Dira iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, ukiileta hapa, ncha moja ya sindano inagusa sakafu na kukwama. Unaishika sawasawa na bado inadanganya. Kampuni ya Silva huandika kanda hizo MN (kaskazini), ME (ikweta) na MS (kusini). Ya MN iache. Suunto MC-2 toleo la Global inafanya kazi popote na inavumilia kuinamishwa, na ndiyo tunayoipendekeza kama bei yake unaiweza. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya gridi kwa eneo hili ni chini ya nyuzi 2, yaani chini ya mita 35 kwa kila kilomita. Ile iliyochapwa pembeni mwa karatasi imepitwa na miongo kadhaa, usiitumie. Chukua tahadhari zaidi na mwamba wenyewe: lava nyeusi ina chuma, na dira iliyowekwa juu ya jiwe inaweza kugeuka nyuzi nyingi. Isomee ukiwa umesimama, kisha sogea hatua ishirini uisome tena.

Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kama Garmin inReach Mini 2 (gramu 100, mtandao wa Iridium, ujumbe wa herufi 160) kina thamani upande wa Natron ambako mtandao wa simu unakatika kwa saa nyingi. Kinahitaji malipo ya usajili, na ndani ya korongo au msitu mnene ujumbe unaweza kuchelewa hadi anga lifunguke, kwa hiyo tuma ukiwa mgongoni. Usikinunue kwa kuamini kitufe cha SOS kitaleta helikopta. Kituo kitapokea wito na kutafuta wa kusaidia nchini. Bila bima ya uokoaji na mtu wa kwako Arusha mwenye gari na namba za simu za kijiji, usaidizi utachukua muda mrefu sana. Wenye iPhone wasitegemee ile huduma ya dharura ya setilaiti ya simu zao: Apple imeifungua kwa nchi maalumu, na Tanzania na Kenya hazimo.

Hesabu ya saa na maji

Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 bado ni mwanzo mzuri: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua mgongo wenye sentimita 18 kwenye ramani, yaani kilomita 9, na kupanda mita 1,700. Inatoka saa 1 na dakika 48 kwa umbali na saa 2 na dakika 50 kwa kimo, jumla saa 4 na dakika 38. Hiyo ni kwenye njia. Mahali pasipo njia zidisha kwa moja na nusu, zinakuwa kama saa 7. Kushuka usipange chini ya saa 5, kwa sababu kwenye mawe yaliyofunikwa na nyasi hakuna anayekimbia bila kuvunja kifundo cha mguu.

Saa 12 jumla, na mchana wa hapa ni saa 12. Ukiondoka saa 11 alfajiri unafika juu saa 6 mchana na kurudi saa 11 jioni, bila kupumzika, bila kukosea hata mgongo mmoja. Hesabu hiyo imebana mno. Kwa mlima wa kimo hiki panga kulala njiani, ukingoni mwa msitu, na usiku wa Juni na Julai juu ya mita 2,000 ni wa sweta na blanketi, hata kama mchana kule ziwani ni nyuzijoto 40. Msituni nyati hupenda kujificha mchana. Kundi litembee pamoja, liongee, na lisiingie kwenye kichaka kinachotoa harufu ya zizi.

Maji: mtu mmoja lita 4 za kunywa na 2 za kupikia kwa siku. Watu wanne kwa siku mbili ni lita 48. Hakuna anayebeba hizo mgongoni na kupanda nyuzi 27. Kodi punda wawili kijijini, kila mmoja madumu mawili ya lita 20, wafike hadi mteremko unapowashinda. Hapo tena ramani inatumika: punda mwenye mzigo hapendi pale kontua nene za mita 100 zinapokaribiana chini ya milimita 5. Tia alama mahali hapo, ndipo kambi yako ilipo. Acha madumu mawili yaliyojaa hapo kwa ajili ya kushuka, yafunikwe vizuri dhidi ya nyani.

Kopi ya pili ya ramani, yenye mgongo wa kupandia, mgongo wa kushukia na kambi vikiwa vimechorwa, iachwe kwa mwenyekiti wa kijiji au dereva, na pembeni paandikwe siku na saa ambayo ikipita bila nyie kuonekana, watu waanze kutafuta, na waanzie mgongo upi.